Zima picha nikusikie: mwongozo kamili wa kuchekesha kwenye TV na kuishi kwa sauti yako

Kila wiki lazima nipokee klipu kutoka kwa kijana fulani, "kaka nicheki, nataka kuwa kama Joti". Nafungua, namkuta kajifunga kanga, kajaza mto tumboni, anapiga kelele dakika tatu nzima. Simwambii hana kipaji, maana wengine wanacho kabisa. Namuuliza kitu kimoja tu: nikizima picha nikabaki na sauti peke yake, bado nitacheka? Hapo wengi wanapotea wiki mbili, wachache wanarudi na klipu nyingine, na hao wachache ndo nimewaandikia huu mwongozo.

Mimi sio staa. Nimeigiza nafasi ndogo ndogo za vichekesho kwenye TV, mlinzi, shemeji mlevi, mteja anayegoma kulipa, lakini kilicholipa kodi ya nyumba miaka yote hii ni sauti: matangazo, katuni, na tamthilia za nje zinazotiwa Kiswahili. Kwa hiyo nitakupeleka kwa njia niliyopita mimi, kuanzia masikioni hadi kwenye mkataba, na pale nilipoumia nitakuonyesha.

Kabla ya yote, jua pesa inakaa wapi

Watu wanaona TV wanadhani ndo mshahara. Kipindi cha vichekesho kina msimu, msimu ukiisha unakaa nyumbani, na kituo kikibadilisha mawazo hamna wa kukupigia simu. Sauti ni tofauti, inalipa kimya kimya. Hesabu mwenyewe: matangazo ya redio, matangazo ya TV yanayohitaji msimulizi, zile sauti za "bonyeza moja kuongea na mhudumu", michezo ya redio ya miradi ya afya na kilimo, vitabu vya kusikiliza, katuni za watoto (Ubongo Kids wapo Dar tangu 2014 na kazi zao zinaenda nchi nyingi), halafu dabing, yaani kutia sauti kwenye tamthilia za kigeni.

Hii dabing ndo ilifungua milango mikubwa kwetu. Wengi mnakumbuka ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilivyoingia TBC1 mwaka 2011 ikiongea Kiswahili, ikawa gumzo hadi Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake Dar mwezi Machi 2013. Mwaka 2016 StarTimes wakafanya shindano la vipaji vya sauti hapa hapa Dar, washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Azam TV nao wakaja na tamthilia zao za Kituruki, leo bibi yangu kijijini anajua mambo ya ikulu ya Istanbul kuliko ya kata yake. Na kabla ya wote hao kulikuwa na Lufufu, Derek Mukandala, aliyekuwa anatafsiri filamu nzima peke yake, mwanamke yeye, jambazi yeye, polisi yeye. Kenya wana DJ Afro. Hao hawakufuata midomo ya mwigizaji, walikuwa wanasimulia tu juu ya picha, lakini walithibitisha kwamba Mswahili anakaa masaa mawili kumsikiliza mtu ambaye hamuoni.

Hatua ya kwanza: masikio, sio mdomo

Miezi mitatu ya mwanzo usirekodi kitu, sikiliza. Nenda sehemu watu wanaongea bila kujua wanaangaliwa, stendi, saluni, foleni ya zahanati. Mimi shule yangu ilikuwa mnada wa samaki Feri. Kuna dalali mmoja pale nilimsikiliza asubuhi nne mfululizo nikijifanya nanunua samaki aina ya changu, na siku ya nne ndo nikagundua siri yake: yule mzee havuti pumzi mwisho wa sentensi kama watu wengine, anavuta katikati ya neno. Anasema "thelathini el" anavuta "fuuu!", na wewe mnunuzi unabaki umening'inia pale kwenye "el" unasubiri, mkono unanyanyuka wenyewe. Hicho kitu kidogo nimekitumia kwa wahusika watatu tofauti na hakuna aliyewahi kunishtukia.

Kwa hiyo ukisikiliza mtu usikariri maneno yake. Kamata haya: anapumua wapi, anapandisha sauti neno gani, akidanganya anaharakisha au anapunguza, akiongea na mkubwa sauti inakwenda wapi. Andika kwenye daftari au jirekodi kwenye simu ukimuiga palepale ukifika nyumbani, maana ikilala usiku inabadilika inakuwa sauti yako.

Kuhusu lafudhi nina neno. Mzee Ojwang wa Kenya, jina lake halisi Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu, lakini Kiswahili alichokitoa kwenye Vitimbi kilikuwa cha Mjaluo mpaka watu walimchukulia ni mtu wa ziwani kabisa. Alifariki 2015 na hadi leo ukisikia ile sauti unamjua kabla hujamuona. Mimi naamini ilikaa kwa sababu hakuwa anawacheka Wajaluo, alikuwa anamcheka Ojwang, mzee mmoja mwenye shida zake na mke wake. Tofauti ni hiyo. Ukiiga Mhaya kwa kujisifia tu, au Mchaga kwa kupenda hela tu, umeiga utani wa mtaani ambao kila mtu anao bure, kwa nini akulipe wewe? Tafuta Mhaya mmoja bahili, au Mchaga anayegawa hela ovyo, hapo lafudhi inaanza kufanya kazi.

Hatua ya pili: kinywa na pumzi

Hii inachosha kusoma ila ndo inayowatenga wanaolipwa na wanaosifiwa. Dakika kumi na tano kila asubuhi. Lala chali, weka kitabu tumboni, pumua hadi kitabu kipande na kushuka, kifua kitulie. Halafu simama usome gazeti kwa sauti, habari moja kwa pumzi chache kadiri unavyoweza bila kukimbia. Malizia na vitanzandimi vya shule ya msingi, "wale watu wa Liwale hula wali wa liwali", "katibu kata wa kata ya Mkata amekataa katakata kukata mkate", polepole kwanza, kila herufi isikike, ndo uongeze mwendo. Ukiwa na tatizo la r na l (wengi tunalo na hatujijui) mpe rafiki asikilize rekodi, usijitathmini mwenyewe. Lafudhi ya nyumbani sio ugonjwa, usiiue, ila lazima uwe na uwezo wa kuivua kama koti, kwa sababu prodyuza wa tangazo la benki hatakuchukua ukiwa huwezi.

Hatua ya tatu: mjenge mhusika kwa sauti

Nikitaka mhusika mpya nakaza skrubu nne. Sauti yake inakaa wapi, puani, kooni, kifuani au juu kichwani. Anaongea kasi gani. Ana neno au mlio gani hawezi kuuacha. Na ya mwisho, ambayo wengi wanairuka, anataka nini maishani.

Mfano wangu: nilikuwa na balozi wa nyumba kumi. Sauti puani, mwendo wa kinyonga, kila sentensi anamalizia "kwa mujibu wa taratibu", na anachotaka ni mtu mmoja tu siku moja amuite mheshimiwa. Basi. Nikishajua hicho cha mwisho sihitaji skripti, niwekee jirani ameibiwa kuku, msiba, harusi, balozi anajua la kusema, ataomba kwanza barua ya kuku. Ukiwa na sauti ya kuchekesha bila tamaa ndani yake, utachekesha sekunde ishirini halafu inakuwa kelele.

Tengeneza watano hadi wanane, wawe wanatofautiana umri na jinsia. Joti anapendwa kwa nini? Bibi kizee yule, mtoto yule, mzee yule, na ukifumba macho bado unajua nani ni nani. Jaribu lako ni hilohilo: waite wahusika wako wawili wagombane dakika mbili, rekodi, mpe mtu nje ya chumba asikilize. Akikuuliza "hapo nani kaongea?" rudi kazini.

Muda, yaani ile sekunde moja

Hapa siwezi kukupa fomula nikakudanganya, ila kuna kimoja kinafundishika: neno linalochekesha likae mwisho, na kabla yake kuwe na kimya. Angalia. "Nilimkuta mume wangu jikoni anakula ubwabwa wa matanga yake mwenyewe baada ya sisi kudhani amekufa." Hiyo ni taarifa ya polisi. Sasa sikia: "Nikasikia sufuria jikoni. Naingia, namkuta mume wangu anakula ubwabwa wa matanga." Tulia hapo. Hesabu moja. "Ya kwake." Habari ni ileile, nimehamisha tu kitu kimoja na kunyamaza. Na baada ya hapo usiongeze neno, wengi wanaua kwa kuelezea.

Sehemu ya kujipimia hii ni jukwaani. Stendap kama Cheka Tu Dar, au Churchill kwa wenzetu Nairobi, zimetoa watu wengi, lakini usisubiri jukwaa kubwa, kitchen party zinatosha, mahafali yanatosha. Kama una nafasi ya kusoma, TaSUBa Bagamoyo bado ndo chuo chetu cha sanaa (kilianza kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981) na pale UDSM wanafundisha sanaa za maonyesho. Cheti hakikufanyi uchekeshe ila kinakufundisha kusimama, kupumua, na kupokea maelekezo bila kununa.

Hatua ya nne: studio ya chumbani

Usiuze kiwanja ununue maiki. Chumba kwanza, maiki baadaye, na nalirudia hili kwa sababu mimi nilifanya kinyume, nikanunua maiki ya kondensa ya bei mbaya nikaiweka kwenye chumba cha bati na vigae, ikawa inanasa jogoo wa jirani vizuri kuliko mimi. Kondensa inasikia kila kitu. Kama unakaa uswahilini kwenye kelele, maiki ya dainamiki aina ya Shure SM58 itakuokoa zaidi maana inasikia kilicho karibu nayo. Hiyo utahitaji na kile kisanduku cha kuunganisha na kompyuta. Kama hamna hela kabisa, anza na simu, ila chumba kiwe kimekufa.

Kuua chumba: kabati la nguo lililojaa, fungua milango yake, ongea ukiwa umeelekea ndani. Au egesha magodoro mawili pembe ya ukuta, tundika blanketi nyuma yako sio mbele tu, kwa sababu sauti inatoka mdomoni inagonga ukuta wa nyuma inarudi kwenye maiki. Piga kofi moja, ukisikia mlio mdogo kama wa chupa bado. Zima friji, zima feni, jiwekee alama ya kukumbuka kuwasha friji tena (mimi naweka funguo za mlango ndani ya friji, sitoki bila kuiwasha, nyama yangu iliwahi kuoza mara moja ikatosha). Rekodi kati ya saa nane usiku na kumi alfajiri, kabla ya adhana na kabla ya bodaboda.

Kaa umbali wa shibiri moja kutoka kwenye maiki, sio mbele kabisa bali pembeni kidogo ili zile p na b zisipige. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka hezi 48,000 na biti 24 kama kazi ni ya video, sauti ya juu kabisa isivuke desibeli -3, na hifadhi WAV, sio MP3. Acha sekunde tano za kimya mwanzoni mwa faili, injinia atazihitaji kusafisha. Na usijipambie na mwangwi na besi, kila studio inataka sauti mbichi.

Demo: sekunde sitini tu

Demo ni sampuli ya sauti yako ya kuombea kazi. Prodyuza anaisikiliza akiwa kwenye gari, hedifoni sikio moja, anakula. Sekunde kumi za kwanza ndo zako. Kwa hiyo mwanzo weka sauti yako ya kawaida, safi, ukiongea kama binadamu, kwa sababu hiyo ndo inayonunuliwa zaidi. Kisha ruka: tangazo changamfu, tangazo la upole, mhusika wa katuni, bibi, muovu wa tamthilia. Kila kipande sekunde nane hadi kumi, hamna muziki mrefu wa kuingilia, hamna "habari naitwa fulani kutoka Mbagala". Ukiweza tenga mbili, demo ya matangazo na demo ya wahusika. Jina la faili liwe jina lako, aina ya demo, namba ya simu. Nimeshawahi kuona studio yenye faili kumi na moja zinaitwa "demo mpya mwisho kabisa", watu wale hawakuitwa kamwe na hawajui kwa nini.

Peleka kwa kampuni za matangazo, studio za redio, watengeneza katuni, na idara za dabing za ving'amuzi. Kumbusha mara moja kila miezi miwili, tena kwa kazi mpya, sio kwa "boss vipi kimya".

Odisheni

Fika mapema, soma skripti kimya mara moja kabla ya kuisoma kwa sauti. Wakikuambia "jaribu tena ukiwa na huzuni kidogo" hawajasema umekosea, wanapima kama unageuka. Wape kitu tofauti kweli, sio kilekile kwa sauti ya chini. Na ukikosa kazi usiulize kwa nini kwenye WhatsApp saa tano usiku, watu wana kumbukumbu.

Siku ya dabing, hapa tukae kidogo

Unaingia kwenye kibanda kidogo, kioo mbele, skrini, maiki, skripti, hedifoni. Kwenye sikio unasikia sauti ya asili, mfano Mturuki, kwenye skrini unaona midomo yake na saa ya picha inakimbia. Dairekta anasema "twende", unaongea juu yake. Mara nyingi uko peke yako, yule mke unayegombana naye alirekodi Jumanne. Kazi yako ni tatu kwa wakati mmoja: uanze pale midomo inapofunguka, umalize pale inapofungwa, na uigize.

Adui yetu mkubwa ni urefu wa Kiswahili. Kuna siku nilikuwa namtia sauti baba mmoja, kagundua siri ya mwanawe, kamera imemkaba usoni. Mturuki anasema "Seni asla affetmeyeceğim", silabi kumi. Skripti yangu imetafsiriwa "Mimi sitaweza kukusamehe wewe hata siku moja". Hesabu kwa vidole, silabi kumi na tisa. Teki ya kwanza, yaani rekodi ya kwanza, midomo ya baba ilifungwa mimi nikiwa bado kwenye "hata". Teki ya pili nikakimbia, nikasikika kama kondakta. Tukazima, tukakaa na mtafsiri. "Mimi" toa, "wewe" toa, kitenzi chetu kimeshawabeba wote wawili ndani. Na "weza" toa pia. Imebaki "sitakusamehe hata siku moja", kumi na mbili, bado. Halafu kuna lingine: Mturuki kamalizia na "m", midomo imefungwa gundi, na Kiswahili chetu karibu kila neno linaisha na irabu, mdomo wazi. Unahitaji neno la mwisho lipitie kwenye m, b au p ili lidanganye jicho. Mtafsiri, dada mmoja mtulivu sana, akaangalia dari akasema: "Sikusamehe hadi kiama." Kumi kamili. Inaishia "ma", midomo inakutana palepale, ile irabu ya mwisho unaimeza kidogo. Na ukweli ni kwamba ina moto kuliko tafsiri ya kwanza, maana kiama ni chetu.

Teki iliyofuata ilipita moja kwa moja. Wiki kadhaa baadaye niko kwenye daladala ya Gongo la Mboto, naomba kushushwa, mama mmoja kiti cha mbele akageuka ananikazia macho, "wewe! Si ndo umemfukuza mtoto?" Nililipa nauli nikashuka haraka.

Mambo mengine ya kibandani kwa kifupi. Usivae nguo inayochakacha wala bangili. Miguno, vilio, pumzi za kukimbia vyote vinarekodiwa, usivione aibu. Ukicheza kichekesho kilichotafsiriwa usitafsiri utani neno kwa neno, muombe dairekta ruhusa ya kuweka wa kwetu wenye urefu uleule. Vipande vya kupiga mayowe omba viwekwe mwisho wa siku, ukianza navyo asubuhi, ikifika saa nne umekwisha. Njaa nayo ni shida, tumbo linanguruma na maiki inasikia, kula kitu kidogo, na mdomo ukiwa mkavu unatoa vile vimlio vya ulimi, epo la kijani linasaidia.

Seti ya TV

Huku nitapita haraka maana wengi mnapajua. Kariri mistari ya mwenzako pia, kuchekesha ni kujibu. Ukinywa chai kwa mkono wa kushoto kwenye teki ya kwanza, kunywa kwa kushoto hadi teki ya tisa. Utani ukirudiwa mara sita wapiga picha hawacheki tena, na hapo ndo chipukizi anaanza kuongeza chumvi anaharibu. Amini teki ya kwanza waliyocheka. King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, nenda kamwangalie tena ukiwa umezima sauti halafu umsikilize ukiwa umezima picha. Uso haufanyi vingi, ni ile sauti ya mzee aliyechoshwa na dunia inayobeba.

Karatasi kabla ya jasho

Na Majuto huyohuyo ndo somo la mkataba. Mwaka 2018 akiwa anaumwa, mikataba yake ya matangazo ikawa mjadala wa nchi nzima, waziri wa wakati ule Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Alifariki Agosti 8 mwaka huohuo. Kama mtu mwenye jina lile alifika hapo, mimi na wewe je?

Mimi lililonikuta ni dogo. Kampuni moja, siitaji, ilinilipa tangazo la redio, karatasi moja, nikasaini nimesimama. Baada ya miaka mitatu bado najisikia kwenye redio nikiuza ile bidhaa, na mshindani wao akanipigia simu kunipa kazi, akasikia tangazo, akaghairi. Nilipowafuata wakanionyesha sahihi yangu. Walikuwa sahihi, karatasi haikuandika muda.

Kwa hiyo mkataba wa sauti lazima useme: itatumika wapi (redio, TV, mtandao, kila kimoja na bei yake), kwa muda gani (miezi mitatu, sita, mwaka, na ikizidi wanalipa tena), nchi zipi, kama unazuiwa kufanya na washindani na kwa fidia gani, marekebisho mangapi ya bure (mimi natoa moja, skripti ikibadilika ni kazi mpya), na malipo lini. Siku hizi ongeza kifungu kwamba sauti yako haitatumika kufundishia kompyuta wala kutengenezewa sauti bandia ya akili mnemba bila makubaliano mengine ya maandishi. Wakigoma kukiweka, jiulize kwa nini.

Jina la mhusika nalo liandikwe ni la nani. Wale jamaa wa Ze Comedy walipotoka EATV kwenda TBC1 ilibidi wawe Orijino Komedi, jina la mwanzo likabaki nyuma. Wao walikuwa na nguvu ya kuhama na watazamaji, wewe bado. Sajili kazi zako ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania, Kenya kuna KECOBO. Uwe na TIN, na usishangae malipo kukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, dai cheti chake. Nusu ya malipo kabla ya kuwasha maiki kwa mteja mpya, na faili la majaribio liwe na sauti ya "sampuli" katikati hadi hela iingie.

Kuitunza

Maji ya kawaida siku nzima, sio lita moja dakika tano kabla ya kurekodi. Usishangilie mpira kwa sauti siku moja kabla ya kazi, Simba na Yanga zimeshaninyima pesa kuliko mtu yeyote. Sauti ikikauka usinong'one, kunong'ona kunachosha koo pia, nyamaza tu, andika kwenye simu. Mvuke wa maji ya moto unatuliza. Kukwaruza kukizidi wiki mbili tatu muone daktari wa pua, masikio na koo, usiendelee kujipa tangawizi na asali. Na wale wahusika wa sauti nzito ya kukwaruza, rekodi dakika ishirini, pumzika kumi, mwambie dairekta mapema kabla hamjapanga ratiba, maana ukimwambia katikati atadhani unadeka.

Balozi wangu wa nyumba kumi nilimhamisha kutoka kooni kwenda puani kwa sababu hiyohiyo. Kooni alikuwa mzuri zaidi, ila alikuwa ananiacha bila sauti siku mbili.